Bahasha ya bosi, fomu ya DOSH au korti: ukiumia vibaya kazini Kenya, uelekee wapi?

Shemeji yangu alirudi nyumbani siku ya nne, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, wa kushoto umeshika bahasha ya kaki. Mashine ya kukunja mabati ilikuwa imeondoka na vidole vitatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja ya Kiingereza iliyosema, kwa ufupi, kwamba amepokea shilingi 150,000, kwamba hospitali imelipwa, na kwamba hana dai jingine lolote kwa kampuni, leo wala siku zijazo. Mahali pa sahihi palikuwa wazi. Alipowaambia hawezi kushika kalamu, dada wa ofisini alimjibu kwa upole kabisa: "Usijali kaka, kidole gumba cha kushoto kinatosha."

Hakukiweka. Wala haikuwa ujanja wake. Mkewe, dada yangu, alikuwa amempigia simu akamwambia asitie alama yoyote mpaka karatasi isomwe nyumbani. Ikasomwa mezani mara tatu, chai ikipoa. Tangu jioni hiyo mimi ndiye niliyekuwa mbeba faili. Mimi si wakili, ni mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, lakini miezi kumi na moja ya kubeba faili humfunza mtu. Tangu hapo watu wa mtaani huniuliza swali lilelile: nichukue pesa za bosi, niende DOSH, ile idara ya serikali ya usalama kazini, au nitafute wakili twende kortini? Hizi hapa njia tatu, pamoja na maoni yangu, nayo siyafichi.

Hesabu kwanza

Kabla ya kulinganisha njia, ujue unagombania nini. Fidia ya ulemavu wa kudumu chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo kila mtu anaiita WIBA, ni hesabu ya kuzidisha: mapato yako ya mwezi, mara miezi 96, mara asilimia ya ulemavu iliyoandikwa na daktari. Basi. Humo hamna shilingi ya uchungu, wala ya usiku usiolala, wala ya mtoto anayeogopa kushika mkono wa babake.

Shemeji alikuwa akilipwa 900 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 23,400. Katika fomu ya kwanza kampuni ilimwandika kima cha chini cha kibarua wa Nairobi, 16,113.75, kile kilichoanza Novemba 2024. Daktari wa zahanati waliyompeleka aliandika ulemavu wa asilimia 20, bendeji ikiwa bado mbichi. Daktari wa pili, miezi mitano baadaye, jeraha likiwa limefunga na kidole cha nne kimekakamaa, aliandika 30. Angalia nambari mbili zinavyofanya kazi:

| | Ulemavu asilimia 20 | Ulemavu asilimia 30 |
|---|---|---|
| Mapato 16,113.75 | 309,384 | 464,076 |
| Mapato 23,400 | 449,280 | 673,920 |

Mkono ni mmoja, ajali ni moja, na kati ya kona ya juu na kona ya chini kuna shilingi 364,536. Zile 150,000 za kwenye bahasha hazipatikani popote kwenye jedwali. Kwa hiyo ukilinganisha njia hizi, kila moja iulize hivi: ni nani hapa anayeandika mapato yangu, na ni nani anayeandika asilimia yangu? Mengine yote, hata urefu wa foleni, yanafuata nyuma.

Jambo moja ambalo kampuni hupenda kulichanganya: gharama za matibabu ni kando. Sheria inamtaka mwajiri alipe hospitali, dawa, upasuaji, usafiri wa kwenda kutibiwa, na hata kiungo bandia pamoja na matengenezo yake. Na ikiwa hukuweza kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yako wakati unaugua, hadi miezi 12. Hayo hayakatwi kwenye ile hesabu ya 96. Mtu akikuambia "tumekutibu kwa laki mbili, toa hizo kwenye fidia yako," anakutoza matibabu ambayo sheria imeshamtwika yeye.

Bahasha

Njia ya kumalizana na mwajiri moja kwa moja ina utamu wake, na sitajifanya hauonekani. Pesa zinakuja wiki hii. Kodi ya nyumba haingoji daktari wa pili, na mtoto amefukuzwa shule kwa karo. Tena kuna heshima: umefanya kazi na mtu miaka sita, alikuja hospitalini na matunda, mkewe anamjua mke wako. Kumpeleka serikalini kunaonekana kama utovu wa shukrani.

Lakini ukiuliza lile swali, unaona kasoro mara moja. Nambari zote mbili anaziandika yeye, au haziandiki kabisa. Karatasi ya shemeji haikuwa na mapato wala asilimia, ilikuwa na jumla tu. Ukiona jumla isiyoonyesha ilikotoka, ujue kuna aliyekuhesabia bila wewe.

Na ile sentensi ya "sina dai jingine" si mapambo. Korti za Kenya zimewahi kuzikubali hati za namna hiyo kwenye migogoro ya kazi, pale mfanyakazi alipoonekana ametia sahihi kwa hiari na anaelewa anachotia. Ukija baadaye kusema hukuelewa Kiingereza chake, mzigo wa kuthibitisha hilo ni wako, tena umebeba kwa mkono mmoja.

Je, kuna wakati bahasha ni sawa? Upo. Jeraha likiwa dogo, limepona lote, hakuna ulemavu wa kudumu, na alichokosa mtu ni mshahara wa wiki mbili, kumalizana ofisini kwa maandishi ni busara. Hali ya pili ni ngumu zaidi. Mkandarasi mdogo wa mjengo, hana bima ingawa sheria inamlazimisha awe nayo, ana lori moja na simu mbili, na mradi ukiisha mwezi ujao humpati tena. Hapo mimi ningechukua pesa zilizopo, lakini ningedai karatasi iandike "malipo ya sehemu" na itaje tarehe ya ajali, nisiandike popote kwamba nimemaliza. Akikataa maneno hayo mawili, ameshakuonyesha nia yake.

Jeraha kubwa kama la kiungo kukatwa, mgongo, jicho, au kuungua sehemu kubwa ya mwili? Bahasha iache mezani.

DOSH na fomu ya WIBA

Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSH kwa midomo ya watu, ndiyo inayosimamia WIBA. Makao yake makuu yako Nairobi, Industrial Area, barabara ya Commercial, na ina ofisi mikoani. Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu ndiyo njia ambayo watu wengi watapita wapende wasipende, na mambo yake madogo ndiyo yanayoamua pesa.

Kwanza, lawama haina nafasi kubwa. Huhitaji kuthibitisha kwamba mashine haikuwa na kinga au msimamizi alikuharakisha. Inatosha kwamba ni ajali, na imetokea ukiwa kazini kwa ajili ya kazi. Upotovu wa makusudi ni habari nyingine, lakini kule kuambiwa "ulikuwa umezembea" hakukuondolei haki. Shemeji aliambiwa hivyo siku ya kwanza, akaamini, na nusura aone haya kudai.

Pili, hauhitaji mkataba wa maandishi. Sheria inamtambua mfanyakazi wa mkataba wa mdomo, anayelipwa kwa saa au kwa kazi. Vibarua wengi wanadhani WIBA ni ya watu wenye beji. Si kweli. Ambaye hayumo ni yule wa jua kali anayejiajiri mwenyewe, kwa kuwa hana mwajiri wa kumdai.

Tatu, saa. Mwarifu mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi, na ukiweza kwa meseji, kwa sababu meseji ina tarehe. Mwajiri naye ana siku 7 tangu ajue kuiripoti kwa Mkurugenzi wa DOSH. Ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki yako inakufa, isipokuwa ionekane mwajiri alikuwa amejua kwa njia nyingine. Dai likishapelekwa kwa mwajiri au kampuni yake ya bima, linatakiwa kulipwa ndani ya siku 90.

Sasa fomu yenyewe. DOSH/WIBA 1 ina sehemu mbili: ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari. Soma hiyo sentensi tena. Nambari ya mapato iko kwenye sehemu ya mwajiri, nambari ya asilimia iko kwenye sehemu ya daktari, na wewe mwenye mkono huna sehemu. Ndiyo maana watu huenda DOSH wakidhani haki itajitafuta, kisha wanatoka na ile kona ya juu ya jedwali langu.

Unachoweza kufanya ni kubeba ushahidi. Shemeji hakuwa na stakabadhi ya mshahara hata moja. Alikuwa na simu. Kila Jumamosi, kwa miaka miwili, M-Pesa ilikuwa imeingiza 5,400 kutoka nambari ileile. Tuliomba taarifa ya M-Pesa, tukaichapisha kwenye saiba, kurasa kumi na tisa, nikapiga mstari wa kalamu ya njano kwenye kila Jumamosi. Afisa aliyetupokea, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliipindua kurasa mbili tatu akamuuliza shemeji, "Kijana, mbona hawa wamekuandikia elfu kumi na sita?" Shemeji akasema hajui. "Basi hiyo njano yako acha nayo hapa." Fomu ilirudishwa kwa kampuni ikarekebishwe. Njano hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya laki mbili.

Kama hulipwi kwa M-Pesa, tafuta kingine: kitabu cha mahudhurio kilichopigwa picha, meseji za msimamizi, wenzako wawili walio tayari kusema unalipwa ngapi. Kumbuka pia kwamba mapato si mshahara mtupu. Nyumba au chakula unachopewa na mwajiri, na ovataimu ambayo ni ya kawaida yako ya kila wiki, vinahesabiwa. Ile ovataimu ya mara moja moja haimo.

Kuhusu asilimia, usikubali kupimwa ulemavu wa kudumu kabla jeraha halijatulia. Daktari akikuandikia nambari ukiwa bado na nyuzi, anapiga ramli. Kidole kilichobaki huenda kikakakamaa, mshipa wa fahamu huenda usirudi, mguu uliounganishwa huenda ukawa mfupi. Kubali malipo ya vipindi wakati huo, endelea na kliniki, kisha upimwe. Nenda na kadi zote za hospitali, picha za eksirei, na mweleze daktari kazi yako ni ipi na mkono gani unautumia. Jambo hili linasikika kuwa la kitoto, ila daktari wa kwanza hakuwahi kumuuliza shemeji kama anatumia mkono wa kulia au wa kushoto.

Ukipewa tathmini na hukubaliani nayo, una siku 60 kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi. Anatakiwa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 14 akieleza sababu. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ziandike tarehe hizo kwenye jalada la faili, kwa herufi kubwa.

Udhaifu wa njia hii? Kwa majeraha mazito kabisa, fidia ni ndogo, na hapa siitetei sheria. Chukua kijana wa miaka 22 wa kile kima cha chini cha 16,113.75 aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne na kupooza, ulemavu asilimia 100. Anapata 1,546,920. Ni mishahara ya miaka minane, kwa mtu ambaye angefanya kazi miaka arobaini na sasa anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Inalipwa mara moja, ikiisha imeisha. Udhaifu wa pili: mwajiri asiye na bima anaweza kukaa kimya tathmini ikishatoka, na sheria haikuandika wazi namna ya kumkamua. Hilo linatuleta kortini.

Korti

Mlangoni mwa hospitali kubwa utakutana na kijana mwenye shati safi na kadi ya wakili. Atakuambia WIBA ni ya pesa za mboga, kortini kuna mamilioni. Babake huenda angekuwa anasema kweli. Zamani mtu alishtaki kwa uzembe wa mwajiri na kulipwa uchungu na mateso, mapato ya mbeleni, na gharama za uangalizi. Kesi ilichukua miaka, na korti ikiona nawe ulichangia kosa ilikata sehemu yako ya lawama, lakini jeraha kubwa liliweza kuzaa pesa kubwa.

Kifungu cha 16 cha WIBA kilifunga mlango huo: huwezi kumshtaki mwajiri wako kwa fidia ya ajali ya kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Chama cha Mawakili kilikwenda kortini kuipinga. Mahakama Kuu mwaka 2009 ikavibatilisha vifungu kadhaa, kikiwemo hicho. Mahakama ya Rufaa mwaka 2017 ikavirudisha vingi, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakazia: kifungu cha 16 ni halali. Kwa ajali ya leo, basi, kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri wako inayoanzia kwa hakimu ni kesi ya kupoteza nauli. Kesi zilizokuwa zimeshafunguliwa kabla ya uamuzi huo zilitengewa njia yake, na Jaji Mkuu alitoa maagizo kuzihusu mwaka 2023. Kama yako ni ya wakati huo, zungumza na wakili wako usinisikilize mimi.

Hata hivyo korti haijafa. Imebaki na kazi nne ninazozijua, na kwa baadhi yake inashinda DOSH kwa mbali.

Ya kwanza ni rufaa niliyotaja. Ya pili ni kumkamua mwajiri aliyekataa kulipa: majaji wa Mahakama ya Ajira wamekuwa wakipokea maombi ya kuifanya tathmini ya Mkurugenzi iwe hukumu ya korti, ili mali iweze kukamatwa. Majaji hawajakuwa na sauti moja kuhusu utaratibu, kwa hiyo hapo wakili ana kazi halali.

Ya tatu ndiyo watu huisahau: mtu wa tatu. Ukiwa dereva wa kampuni moja ukagongwa na lori la kampuni nyingine, au kreni ya mkandarasi mwingine ikakuangushia nondo, kifungu cha 16 kinamlinda mwajiri wako tu. Yule mwingine unaweza kumshtaki kwa uzembe kama raia yeyote, na muda wako kwa kawaida ni miaka mitatu. Kwa jeraha la kupooza, hii ndiyo njia ya pekee ya kupata pesa zinazofanana na hasara. Kabla hujakubali kwamba "ilikuwa ajali ya kazi", uliza mashine ilikuwa ya nani, aliyeiendesha aliajiriwa na nani.

Ya nne ni kufukuzwa. Ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, hilo ni dai jingine chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, linakwenda kortini moja kwa moja, lina miaka mitatu, na halimezwi na fidia ya WIBA. Unaweza kuwa na yote mawili mkononi.

Na yule kijana wa kadi? Mwulize wakili wake atalipwa vipi. Akisema "tukishinda nachukua thuluthi, tukishindwa hunilipi kitu", ujue Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa namna hiyo. Ukikosa pesa za wakili, Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, kinasaidia watu wa kipato cha chini bure. Mwenye chama cha wafanyakazi aanze kwa mwakilishi wa chama pale kiwandani.

Wenzetu wa upande wa pili wa Namanga

Madereva wa masafa hunidaka na hili: "Tanzania wanalipwa vizuri kuliko sisi?" Jibu langu ni kwamba wanalipwa tofauti, na tofauti hiyo inafaa kuijua ukiwa na nafasi ya kuchagua mwajiri. Tanzania hakuna kumfuata bosi wala bima yake. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliosimama chini ya sheria ya 2008 na kuanza kukusanya michango Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia peke yake, kwa sasa nusu asilimia ya mshahara, na haruhusiwi kukata kwa mfanyakazi. Ukiumia, Mfuko ndio unaolipa.

Wakati unaugua, Kenya inakupa mapato yako hadi miezi 12. Tanzania inakupa asilimia 70 lakini hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, Tanzania hulipa pensheni ya kila mwezi, ikiwa chini ya hapo hulipa mkupuo. Kenya ni mkupuo daima. Kwa vidole vitatu ningechagua mkupuo wa Kenya, ununue pikipiki au ufungue kibanda. Kwa kijana wa ghorofa ya nne ningechagua pensheni bila kufikiri mara mbili. Nimeona mkupuo wa milioni moja ukiyeyuka ndani ya miezi minane, mwenyewe yuko kitandani, shangazi na binamu wote wana shida.

Mimi ningefuata hivi

Ukiwa na mwajiri mwenye bima na jeraha la kudumu, nenda DOSH, na nguvu zako zote uziweke kwenye zile nambari mbili. Usipeleke wakili mahali ambapo taarifa ya M-Pesa inatosha. Ukiwa na mwajiri asiye na bima, nenda DOSH vilevile, ila anza kuzungumza na wakili mapema kuhusu kutekeleza tathmini, ukijua mali yake iko wapi. Kama kuna mtu wa tatu, fungua njia zote mbili. Kama mwajiri amekataa kabisa kujaza fomu, usimngoje: nenda mwenyewe na kadi ya hospitali na mashahidi, uripoti.

Mwenye haraka atasema hii ni miezi mingi ya kukaa bila pesa. Kweli, tulikopa kwenye chama cha dada yangu, na kuna mwezi ule malipo ya vipindi yalichelewa tukauza friji. Hiyo nayo iweke kwenye mizani. Sisi tuliipima tukaona 673,920 kutoa 150,000 ni 523,920, na friji ilikuwa ya elfu kumi na nane.

Hundi ya kampuni ya bima ilitoka siku ya 131 badala ya 90. Shemeji aliivalia shati la Krismasi kuipeleka benki. Karani akaitazama, akamtazama, akafungua kadi ya sahihi ya mwaka 2017 iliyoandikwa kwa mkono wa kulia wenye vidole vitano, kisha akamsukumia karatasi tupu: "Mzee, weka sahihi kama hii hapa." Shemeji akaitoa mfukoni ile mikono yake miwili, akaiweka juu ya kaunta. Karani akanyamaza kidogo, halafu akaenda kutafuta fomu ya kubadilisha sahihi. Aliijaza kwa mkono wa kushoto, polepole, ulimi umetoka kando kama mtoto wa darasa la kwanza, na foleni yote nyuma yetu ikangoja.